Kabla hujatia tiki, mjue Annalena wa Wajir

Kama wewe ni mwanafunzi wa uuguzi na umepangiwa kwenda nyanjani Elwak, najua vile umejipanga. Daftari lipo, saa ya mkononi ipo, na kuna mtu ashakwambia huko ni jua na vumbi tu. Sawa. Lakini kuna mama mmoja ambaye pengine hakutajwa darasani kwenu, na kila asubuhi ukishika trei ya dawa utakuwa unafanya kazi aliyoifanya yeye.

Jina lake ni Annalena Tonelli. Alikufa mwaka 2003, kwa hivyo kama ulizaliwa baada ya mwaka huo, hamkuwahi kuwa duniani wakati mmoja. Soma habari zake, kisha tutarudi kwa hiyo trei yako.

Annalena alizaliwa Forlì, mji wa kaskazini mwa Italia, Aprili 2, 1943. Alisomea sheria. Angekaa kwao, angekuwa wakili mwenye ofisi na gari zuri. Badala yake, mwaka 1969, akiwa bado msichana wa miaka ya ishirini, alikuja Kenya kufundisha. Muda si muda akafika Wajir, na hapo ndipo akatia nanga.

Elewa vile Wajir ilikuwa wakati huo. Vita vya shifta vilikuwa vimeisha juzi tu, mwaka 1967. Kaskazini Mashariki yote iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari. Barabara hakuna, madaktari wa kuhesabu kwa vidole. Halafu anatokea msichana mzungu, Mkristo, hajaolewa, anaishi peke yake na wanawake wenzake wachache katikati ya Waislamu. Watu walimwangalia mara mbili. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika la watawa. Alikuja tu, akaanza na shule, kisha akafungua kituo cha kuhudumia watoto waliopooza kwa polio, vipofu, viziwi na wengine wenye ulemavu.

Ugonjwa uliomkamata moyo ulikuwa kifua kikuu. TB.

Huku kwetu TB ilikuwa aibu kubwa. Mtu akianza kukohoa damu, familia inanyamaza. Wengine waliona ni laana kutoka kwa Mungu. Mgonjwa anatengwa, anapewa kikombe chake, mwisho anaachwa nyuma wakati wenzake wanahama na ngamia.

Na hata aliyefika hospitali hakuwa salama. Matibabu ya kawaida ya miaka hiyo yalichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, na ndani yake kulikuwa na sindano za streptomaisini. Sasa mwambie mfugaji ambaye mali yake yote iko kwato nne akae mjini miezi kumi na minane. Hawezi. Mvua ikinyesha upande wa Elwak au ng'ambo ya Somalia, anafuata malisho. Dawa anazipakia kwa kibuyu, au anaziacha kabisa.

Hapo ndipo hatari ilipo, na ndiyo maana nakuandikia. Mdudu wa TB anazaana polepole na anajua kujificha. Ukimeza dawa wiki chache, wengi wanakufa, kikohozi kinapungua, hamu ya chakula inarudi. Unajiona umepona. Ukiacha hapo, wale wachache waliobaki ndio sugu, na wao ndio wataongezeka. Baadaye unawaambukiza watu wa nyumbani mwako ugonjwa ambao dawa za kawaida haziuwezi. Dozi iliyokatwa katikati inaweza kuleta madhara kuliko ugonjwa wenyewe ulivyokuwa mwanzo.

Miaka hiyo hiyo ya sabini, majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, yalionyesha kwamba ukichanganya dawa vizuri, rifampisini ikiwa ndani, mtu anaweza kupona kwa miezi sita. Habari njema. Lakini rifampisini ilikuwa ghali, na hakuna aliyetaka kuwapa watu wanaohamahama halafu wapotee nayo porini.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kutibu TB kwa wafugaji. Alichofanya ni kitu rahisi hadi unashangaa kwa nini hakikufanywa mapema. Aliwaambia wagonjwa waje na nyumba zao.

Nyumba za wafugaji wa Kisomali ni za kubebeka: fito, mikeka na ngozi, unazipandisha mgongoni mwa ngamia. Basi wagonjwa wakaja na mizigo, wakajenga kwenye uwanja wa mchanga mbele ya kile kituo chake. Wakapika chakula chao, wakaswali, watoto wakacheza. Hakuna wodi ya kumtisha mtu. Ila sharti lilikuwa moja: kila siku, kwa miezi sita, unameza dawa mbele ya mtu anayekutazama. Ukimaliza na ukapona, unabomoa nyumba yako na kwenda zako. Mahali pale pakaitwa TB Manyatta, na jina hilo bado liko Wajir hadi leo.

Miaka ya tisini WHO ilieneza dunia nzima mpango wa kumtazama mgonjwa akimeza dawa, unaojulikana kama DOTS. Tusimpe Annalena sifa zote peke yake. Karel Styblo, daktari aliyefanya kazi na serikali ya Tanzania kuanzia 1977, ndiye aliyejenga mfumo wa kitaifa wa rekodi na ufuatiliaji ambao WHO iliuchukua kama mfano. Wahindi nao walikuwa wameshajaribu mambo ya kumtazama mgonjwa kule Madras. Lakini kwa mtu anayehama na mifugo, jibu lilitoka Wajir.

Sasa, kuna kitu watu wa aina yangu hupenda kusema kumhusu. Mimi niliacha chuo, na mtu aliyeacha chuo akisikia kwamba wakili alitibu maelfu ya wagonjwa bila digrii ya udaktari, anafurahi sana. Anasema, si mnaona, karatasi si lolote. Pole kwetu. Annalena alirudi darasani akiwa mtu mzima. Alipata vyeti vya udhibiti wa TB hapa Kenya, vya magonjwa ya nchi za joto na afya ya jamii Uingereza, na vya ukoma Uhispania. Alijua huruma bila kipimo sahihi inaweza kumuua mtu.

Turudi kwa trei yako basi. Darasani umefundishwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Halafu unaandika. Umeyakariri kama shairi. Huku yana sura yake.

Mgonjwa sahihi. Ukiita Abdi Mohamed kwenye wodi ya huku, wanaweza kuitika watatu, na wa nne akaitika kwa sababu amechoka kungoja. Uliza majina yote matatu, uliza umri, linganisha na namba ya kadi. Na usimtajie wewe jina lake akakubali tu. Mwache aliseme mwenyewe.

Kipimo sahihi. Vidonge vya TB huhesabiwa kwa kilo. Mtu aliyekuja amekonda akipata nafuu anaongeza uzito, na idadi ya vidonge inaweza kubadilika. Mtoto ndiyo zaidi. Kama hujampima, unakisia.

Dawa sahihi, na kuijua tabia yake. Rifampisini hufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa au mwekundu. Usipomwambia mgonjwa mapema, ataona damu, ataogopa, ataitupa. Dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu za tembe za kupanga uzazi, kwa hivyo kuna dada anahitaji kuambiwa hivyo faraghani. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi miguuni, na ndiyo maana huambatana na vitamini B6. Ethambutoli inaweza kugusa macho: akisema rangi hazionekani vizuri, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Streptomaisini, ile sindano ya zamani, ilikuwa inaweza kuharibu masikio, na mtoto aliye tumboni naye angeweza kuzaliwa kiziwi. Mtu aliyewadunga watu hiyo sindano ilibidi awaulize kila mara kama bado wanasikia.

Wakati sahihi. Ramadhani ikifika, mgonjwa wako atataka kufunga. Usimgombeze, na usinyamaze akajipangia mwenyewe. Zungumzeni na daktari: wapo wasioweza kufunga kwa sababu ya hali yao, na wapo ambao dozi moja ya siku inaweza kuhamishiwa usiku.

Hata kuhifadhi dawa ni sehemu ya kazi. Joto la huku halina mchezo. Boksi likiachwa dirishani au kwa dashibodi ya gari, dawa inaharibika na kwa macho hutajua.

Halafu kuna tiki. Hapa ndipo nataka unisikilize. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wodi imejaa, mwenzako amechelewa, unaacha vidonge juu ya kabati la mgonjwa, unatia tiki, unapita. Kadi inasema amekunywa. Kumbe vidonge viko chini ya mto, au amempa ndugu yake anayekohoa nyumbani. Daktari akija atasoma kadi yako, ataona mgonjwa hapati nafuu, ataongeza dawa au kubadilisha. Atakuwa anatibu tiki yako.

TB Manyatta yote ilijengwa kwa ajili ya kuziba hilo pengo dogo kati ya mkono wa muuguzi na koo la mgonjwa. Dawa haijatolewa hadi imemezwa na umeona. Tiki inafuata baadaye.

Na mgonjwa asipoweza kukaa, Annalena hakumlaumu kwanza. Aliubadilisha utaratibu uingie kwenye maisha yake. Kwa hivyo ukikutana na mzee wa Elwak anayesema kesho anahama na mifugo, usimwandike mkaidi. Muulize anaelekea wapi, nani atakuwa naye, zahanati ya karibu ni ipi, nani anaweza kumtazama akimeza. Hilo nalo ni dawa.

Maisha yake hayakuishia vizuri hapa kwetu, na lazima tuseme. Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanasema ni mamia mengi, hata maelfu. Annalena na wenzake walitoka kutafuta majeruhi na maiti porini, na alisaidia habari hizo zifike nje ya nchi. Mwaka uliofuata ilimlazimu kuondoka Kenya.

Hakurudi Italia kupumzika. Alivuka akaenda Somalia, akafanya kazi Beledweyne, Mogadishu na Merca, vita vikiwa vimechacha. Mwaka 1996 akaenda Borama, Somaliland, na hapo akajenga hospitali ya TB kwa mtindo ule ule wa Wajir: subira, miezi sita, kumeza mbele ya macho. Akaanzisha shule ya watoto viziwi. Akapinga ukeketaji. Akawahudumia wenye UKIMWI wakati wengi hawakutaka hata kuwagusa. Si wote waliompenda kwa hayo, na wapo waliomshutumu kwamba yeye ndiye analeta ugonjwa.

Mwaka 2003 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilimpa tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, jioni ya Oktoba 5, mtu mwenye bunduki alimpiga risasi ndani ya uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na miaka 60. Miaka zaidi ya thelathini kati ya hiyo aliitumia kwa watu wetu.

Wazee wa Wajir waliolala kwenye ile manyatta wakiwa watoto bado wapo. Ukipata nafasi, kaa nao chai, waulize. Lakini kesho asubuhi kwanza kuna trei, kuna Abdi watatu, na kuna kalamu mfukoni mwako. Mpe maji. Ngoja ameze. Zungumza naye kidogo uone mdomo uko mtupu.

Kisha tia tiki.