Selous, Mwindaji Aliyependa Ndege

Nalikuwa na miaka 12 nilipomnasa ninga kwa ulimbo wa fenesi, juu ya mkuyu ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Pemba. Kabla sijamfikia alijipapatua kwa nguvu, akaniachia manyoya yote ya mkia, akaenda zake. Nikasema huyu hatafika kesho. Asubuhi ya pili nikamkuta juu ya mti ule ule, hana mkia, anakula matunda kama kwamba halikumpata neno. Tangu siku ile sikutega ninga tena, wala sikumwambia mtu kwa nini.

Juzi nilisoma habari za Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa wawindaji mashuhuri kabisa wa Afrika. Alizaliwa London tarehe 31 Disemba 1851. Wengi humtaja kwa tembo na simba aliowaua. Mimi nimependezwa na mambo yake ya ndege. Alipokuwa skuli huko Rugby alikuwa akitoroka kwenda kutafuta mayai yao, na safari moja aliogelea katika maji ya baridi kali ili aufikie mti wenye viota vya korongo. (Wanafunzi wasimwige, mwalimu wa zamu naye husoma gazeti hili.)

Mwaka 1867 barafu ya ziwa la Regent's Park ilivunjika chini ya watu waliokuwa wakiteleza juu yake, wakafa 40. Selous alilala kifudifudi, akatambaa kutoka pande hata pande mpaka ukingoni. Hapo ndipo nilipomkumbuka ninga wangu.

Mwaka 1871 alikwenda Afrika ya Kusini, akawinda miaka mingi, mara nyingi kwa miguu, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi. Mwaka 1890 aliwaongoza Wazungu waliokwenda kuitwaa nchi ya Washona, hilo sitamsifu. Lakini ndege hawakumtoka moyoni, hata katika utu uzima alisafiri mpaka Uturuki kwa ajili ya mayai yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 aliwapinga wataalamu waliosema kuwa rangi za wanyama ni za kuwaficha na adui. Simba, alisema, huwinda usiku kwa kunusa. Basi rangi yamfaa nini anayewindwa? Kwa wanyama wakubwa pengine ni kweli. Angalimtafuta ninga wetu katika majani mabichi, nadhani angaliregeza kauli. Ninga huyu hapatikani popote duniani ila Pemba. Misitu yetu mingi ilikatwa katika karne ya 19 kupisha mikarafuu, naye akakaa katika miti iliyosalia mashambani na majumbani, akazaa.

Vita Kuu ilipotokea mwaka 1914 Selous alikuwa na miaka 62. Alikataliwa kwa uzee, akang'ang'ania mpaka akapokewa, akaletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Mwaka 1916 aliugua, akarudishwa kwao akapasuliwa, kisha akarejea vitani. Tarehe 4 Januari 1917, huko Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji, risasi ilimpata akafa, akazikwa huko huko. Mwaka 1922 pori la akiba la nchi ile lilipewa jina lake. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi lake limo humo, kati ya tembo na makundi ya kanga.