Lev Landau na Kitabu cha Plazma

Kila nirudipo shuleni kwetu, hakosi kijana wa kidato cha sita wa kuniuliza kitabu kizuri cha plazma, yaani gesi iliyopata joto kali hata elektroni zikang'oka katika atomu. Safari hii namjibu kwa habari za Lev Landau.

Alizaliwa Baku mwaka 1908, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 14. Mwaka 1938 alikamatwa Moscow akakaa kifungoni mwaka mzima, hata Pyotr Kapitsa alipomwombea na kumdhamini. Mwaka 1946 alionyesha, kwa hesabu tu, kwamba wimbi ndani ya plazma hufifia hata kama chembe hazigongani: zile ziendazo karibu sawa na mwendo wake hulinyonya nguvu. Majaribio yalithibitisha jambo hilo mwaka 1964.

Vitabu vyake ni mashuhuri, lakini kalamu ilikuwa ya Evgeny Lifshitz. Landau kuandika kulimshinda. (Sisi wa majalada ya ofisini tunamwelewa Lifshitz.) Januari 1962 aliumia vibaya katika ajali ya gari. Mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel, ila kazi hakuirudia tena hadi kufa kwake mwaka 1968. Buku la kumi, lenye habari za plazma, waliliandika Lifshitz na Lev Pitaevskii, likatoka mwaka 1979.

Ndilo nilipendekezalo, kijana, ila si la kuanzia. Landau mwenyewe aliwatahini wanafunzi wake hesabu kwanza, ndipo mekanika na mengineyo. Hadi mwaka 1961 waliomaliza mitihani yote walikuwa 43 tu.