Lansdowne: Waziri wa Vita aliyetengwa kwa kutaka amani

HENRY Petty-Fitzmaurice, Lord Lansdowne, alizaliwa London Januari 14, 1845, katika ukoo wa makabaila wenye ardhi kubwa Uingereza na Ireland.

Baada ya kuziongoza Kanada na India kwa niaba ya Malkia, aliteuliwa Waziri wa Vita mwaka 1895. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, majeshi ya Uingereza yalishindwa vibaya miezi ya mwanzo, na lawama zikamwangukia yeye. Hata hivyo, mwaka 1900 alikabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje, akafanikisha mapatano na Ufaransa mwaka 1904.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpokonya mwanawe Charles, aliyeuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, Oktoba 1914. Novemba 29, 1917, gazeti la Daily Telegraph lilichapisha barua yake iliyokwisha kukataliwa na The Times. Humo alitaka amani itafutwe kwa mazungumzo kabla ustaarabu haujaangamia.

Viongozi wa chama chake cha Conservative walimkana hadharani. Mapigano yaliendelea hadi Novemba 1918, na maelfu kwa maelfu wakazidi kufa.

Lansdowne alifariki dunia Juni 3, 1927, akiwa na umri wa miaka 82.