Galileo na Darubini Yake

Galileo Galilei alizaliwa mwaka 1564 katika mji wa Pisa, nchi ya Italia. Baba yake, mjuzi wa muziki asiye na mali, alitaka mwanawe awe mganga. Galileo akaanza masomo ya uganga, kisha akayaacha, maana moyo wake ulipenda hesabu. Tangu mwaka 1592 alikuwa mwalimu wa hesabu huko Padua.

Mwaka 1609 zikamfikia habari kwamba mafundi wa Uholanzi wamefanya bomba lenye vioo viwili, ambalo mtu akichungulia ndani yake huona kitu cha mbali kana kwamba ki karibu. Galileo hakungoja kuletewa. Alisugua vioo mwenyewe akafanya darubini yake. Ya kwanza ilikuza vitu mara 3 tu, hata mwisho akapata ya kukuza mara 20 hivi. Nayo ilikuwa duni: hakuweza kuuona mwezi wote kwa mara moja. Darubini ndogo anunuliwayo mtoto siku hizi huonyesha vizuri zaidi.

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliielekeza kwenye sayari ya Mushtarii. Akaona kando yake nyota tatu ndogo katika mstari mmoja, mbili upande wa mashariki na moja magharibi. Hakuzijali sana. Usiku wa pili, zote tatu zilikuwa magharibi! Usiku wa tatu mawingu yakaficha kila kitu. Tarehe 10 zilionekana mbili tu, nazo zilikuwa mashariki. Hata tarehe 13 akaona nne. Kila usiku aliandika na kuchora alichokiona. Ndipo akafahamu kwamba hizo ni miezi inayoizunguka Mushtarii. Basi, wenye elimu waliofundisha kwamba vyote vya mbinguni huizunguka dunia, walikuwa wamekosea.

Baadaye aliiona Zuhura ikijaa na kupungua kama mwezi, ishara kwamba hulizunguka jua. Zohali ilimtatiza. Alidhani ni nyota tatu zilizoshikamana, na mwaka 1612 zile mbili za kando zikatoweka. Akafa asijue kwamba ni pete. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1659.

Copernicus alikuwa ameandika tangu mwaka 1543 kwamba dunia hulizunguka jua, na sasa Galileo aliyaunga mkono maneno hayo. Mwaka 1616 wakuu wa Kanisa huko Roma walimwonya asiyatetee. Akanyamaza miaka mingi, lakini mwaka 1632 akatoa kitabu juu ya jambo lilo hilo. Mwaka uliofuata, naye ni mzee wa miaka 69, aliitwa Roma, akapiga magoti mbele ya waamuzi, akayakana aliyoyaamini. Hakuuawa, kama wengine wasemavyo. Alifungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, mpaka kufa. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba waamuzi wale walikosea.

Mwaka 1634 binti yake mpendwa, aliyekuwa mtawa, alifariki. Kisha macho yake yakapofuka kabisa, macho yale yaliyoona miezi ya Mushtarii. Hata hivyo hakuacha kazi. Alisema, na wanafunzi wake wakaandika. Mwaka 1638 kitabu chake cha mwisho kilipigwa chapa Leiden, katika nchi ile ile ya Uholanzi lilikotoka bomba la kwanza. Galileo akafa tarehe 8 Januari 1642.