Garand na Deni la Taifa

Kila ninapowasikia wanafunzi wakidai kwamba ujuzi usiolipa hauna maana, humkumbuka John Garand. Alizaliwa mwaka wa 1888 huko Quebec, Kanada, katika jamii ya wasemaji wa Kifaransa. Akiwa bado mtoto alihamia Marekani, akafagia sakafu za kiwanda cha nguo, na humo akajifunza Kiingereza na ufundi wa mitambo.

Mwaka wa 1919 aliajiriwa katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield. Bunduki yake, M1, iliidhinishwa mwaka wa 1936. Ilijikoki kwa nguvu ya gesi ya baruti, hivyo askari wa Marekani alifyatua risasi nane mfululizo, huku wengi wa maadui wakikoki upya kwa kila risasi. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5.

Haki za uvumbuzi huo Garand aliikabidhi serikali, asipate zaidi ya mshahara wake. Mswada wa kumtunuku dola 100,000 uliwasilishwa bungeni, ukakwama. Alipewa nishani mwaka wa 1944, akafariki mwaka wa 1974.

Siisifu bunduki. Lakini taifa linalovuna jasho la fundi wake na kumlipa nishani tu, lisishangae vijana wakiuliza bei kabla ya kufikiri.