Adam Sapi Mkwawa: Spika Muislamu kwa karibu miaka 30, tulipata nini?

Ndugu msomaji, kila uchaguzi mkuu unapomalizika na majina ya wateule kuanza kutangazwa, kuna hesabu inayofanyika barazani baada ya sala. Nimeisikia Singida mjini, nimeisikia Manyoni na nimeisikia Kiomboi. Mawaziri Waislamu ni wangapi? Wakuu wa mikoa je? Wakuu wa wilaya? Hesabu ikitoka nzuri watu huondoka wamefarijika. Ikitoka mbaya huondoka na manung'uniko, na kila mmoja ana lake la kusema hadi alasiri.

Siidharau hesabu hiyo. Nchi ni yetu sote, na mwenye kuona jamaa zake wamepungua mezani ana haki ya kuuliza. Lakini kuna swali la pili ambalo hatuliulizi. Mtu wetu akishakaa kwenye kiti, huwa tumepata nini hasa? Ili tulijibu kwa haki, nimeona wiki hii nimlete mbele yenu marhum Chifu Adam Sapi Mkwawa, Muislamu aliyekalia moja ya viti vikubwa kabisa vya nchi hii kwa muda ambao hakuna mwingine aliyeufikia.

Jina la Mkwawa si geni kwa watu wa Singida. Wahehe na Wagogo walipigana sana katika karne ya 19, na sehemu ya Ugogo leo iko Manyoni, ndani ya mkoa wetu. Wajerumani nao walijenga boma lao Kilimatinde, katika wilaya hiyohiyo. Mtwa Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na mwaka 1898 akafa bila kukubali kuwa mateka wao. Wajerumani walikichukua kichwa chake. Suala la fuvu hilo likaingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza.

Adam Sapi alikuwa mjukuu wa mtu huyo. Alizaliwa mwaka 1920, na mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 20 tu, akashika uchifu wa Uhehe baada ya baba yake, Sapi. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilimteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Baraza hilo lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Adam Sapi aliwafuata, na mwaka 1948 akaja mwalimu Juma Mwindadi. Tuzingatie kuwa wote hao waliteuliwa na serikali ya kikoloni. Hakuna mwananchi aliyewapigia kura.

Mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa, Gavana Edward Twining alilileta fuvu la Mkwawa kutoka Bremen, Ujerumani, na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga. Mjukuu akapokea kichwa cha babu yake kutoka mikononi mwa mtawala mwingine wa kizungu. Nadhani ndani ya tukio hilo ilikuwamo njia yote ya maisha ya Adam Sapi. Babu alipigana na dola hadi mwisho. Mjukuu alikaa ndani ya dola, akaijua taratibu yake, na akabaki humo dola ilipobadilisha wenyewe.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, Muislamu wa Kibohora, aliyekuwa kwenye nafasi hiyo tangu 1956. Mwishoni mwa mwaka 1962, nchi ilipokuwa inageuka Jamhuri, nafasi hiyo ikaenda kwa Chifu Adam Sapi. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu. Mwaka uliofuata, 1963, mamlaka ya machifu yakafutwa nchi nzima kwa sheria. Watawala wa jadi wengi wakarudi majumbani kwao wakiwa raia wa kawaida. Yeye alikuwa tayari amehama kutoka kiti cha kurithi kwenda kiti cha kuchaguliwa. Mwaka huohuo wa 1963 Singida ikawa mkoa, baada ya Jimbo la Kati kugawanywa. Kwa hiyo mkoa wetu ulizaliwa ukimkuta Adam Sapi kitini.

Hapa niwakumbushe vijana jinsi chaguzi zilivyokuwa. Spika hachaguliwi na wananchi. Huchaguliwa na wabunge. Wabunge wenyewe ndio waliokuwa wanakwenda kwa wananchi kila baada ya miaka mitano. Kuanzia Septemba 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walisimamishwa karibu kila jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Watu wa Singida, Iramba na Manyoni walipiga kura hizo kama wenzao wa mikoa mingine. Wakubwa walianguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka Mwanza. Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaita wanawake wa nchi hii kuingia TANU, alianguka Rufiji. Chaguzi zikafuata mwaka 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990, na kila mara nyuso zikabadilika ukumbini.

Uso wa Spika haukubadilika. Ni mara moja tu nafasi ilikwenda kwa mwingine, Novemba 1973, alipoingia Erasto Mang'enya. Miaka miwili baadaye, Novemba 1975, Adam Sapi akarudi na kukaa hadi Aprili 1994. Ukijumlisha vipindi vyote viwili unapata karibu miaka 30. Alimwona Pius Msekwa akiwa Katibu wa Bunge katika miaka ya 1960, na Msekwa huyohuyo ndiye aliyempokea uspika mwaka 1994. Sisi tuliokua Singida miaka ya 1980 tulimjua kwa jina la redioni tu, na wengine tulidhani kwamba Spika na Adam Sapi ni neno moja.

Sasa turudi kwenye lile swali. Katika miaka hiyo, Muislamu akiwa mbele, Bunge lilipitisha nini kilichotugusa sisi?

Mwaka 1963 lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Kwa mfumo huo mpya, mahakama za maliwali na makadhi zilizorithiwa kutoka zama za ukoloni huku Bara zikaondoka. Mashauri ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yakaenda kwa mahakimu wa kawaida. Mwaka 1971 ikapitishwa Sheria ya Ndoa, ambayo Waislamu wengi waliilalamikia tangu mwanzo, hasa katika suala la talaka kupitia mabaraza ya usuluhishi na mahakama. Sheria zote mbili zilipita ukumbini mwa Adam Sapi.

Yuko atakayeruka hapa na kusema kuwa basi huyo hakutusaidia kitu. Namwomba atulie. Spika hachangii hoja. Kazi yake ni kutoa nafasi ya kusema, kulinda kanuni, kuhesabu kura na kutangaza matokeo. Akianza kuvuta upande wa dini yake, wa kabila lake au wa wilaya yake, amekwisha kuwa mbunge mwenye kiti kirefu. Kama kulikuwa na upungufu mwaka 1963 na 1971, tuuangalie kwanza kule chini, kwenye viti vya wabunge. Nani alisimama na hoja iliyoandaliwa? Nani alileta marekebisho kifungu kwa kifungu? Masheikh na wanasheria wetu walikutana lini kabla ya muswada kusomwa?

Na ushahidi mwingine huu hapa. Mwaka 2015 suala la Mahakama ya Kadhi lilifika tena kwenye milango ya Bunge kupitia muswada wa serikali, kisha likaondolewa. Spika wakati huo alikuwa Anne Makinda, Mkristo. Mwaka 1963 Spika ni Muislamu, mwaka 2015 Spika ni Mkristo, na mara zote mbili hatukupata tulichokitaka. Aliyekaa juu hakuwa ndiye mwamuzi wa jambo hilo.

Lakini haki ina pande mbili, na sitaki kumfanya marhum malaika. Upo mtihani ambao kiti cha Spika kilipaswa kuonekana, nao ni wa Oktoba 1968. Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza chamani watu tisa, wakiwamo wabunge. Kwa kuwa mbunge alilazimika kuwa mwanachama, aliyevuliwa uanachama alipoteza na ubunge. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Kasella Bantu wa Nzega, jirani zetu hapo, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Watu waliochaguliwa na wananchi waliondolewa na kikao cha chama, na Bunge likaendelea na shughuli zake. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo ilipo hasara kubwa ya zama zile. Aliyetolewa nje hakutolewa kwa dini yake. Alitolewa kwa ulimi wake. Na ukumbi uliokuwa hauwezi kumlinda Kasella Bantu usingeweza kumlinda mbunge yeyote ambaye angesimama kutetea jambo la Waislamu kwa ukali.

Sisemi kwamba Adam Sapi peke yake angelizuia hilo. Chama kilikuwa juu ya Bunge, na mwaka 1975 jambo hilo likaandikwa hata ndani ya Katiba. Ninachosema ni kwamba kudumu kitini kuna bei yake, na sehemu ya bei hiyo ni kunyamaza.

Mwisho wa kazi yake ulikuwa mgumu kuliko mwanzo. Mwaka 1992 Bunge lake lilipitisha mabadiliko yaliyorudisha vyama vingi. Desemba mwaka huohuo Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Kamati ya Bunge ikachunguza na kuona kuwa Katiba imekiukwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huohuo wabunge 55 walileta hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Tazama mtihani huo, ndugu yangu. Mzee wa miaka 73, Muislamu, ndiye aliyekuwa mbele OIC ilipokuwa inazungumzwa. Na ni yeye huyohuyo aliyekuwa Spika mwaka 1964, Bunge la Tanganyika liliporidhia Muungano wenyewe. Kama angetaka kuegemea, alikuwa na sababu za kuegemea kila upande. Mijadala iliendelea, wabunge 55 walisikika, na mnamo Aprili 1994 akaondoka. Alifariki Juni 1999, miezi minne kabla ya Mwalimu Nyerere.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu (SW) anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Aya imetaja watu, haikutaja Waislamu peke yao. Naye Mtume (SAW) alimkataza Abu Dharr kutamani uongozi, akambainishia kuwa ni amana, na siku ya Kiyama ni majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kuitimiza. Kwa mafundisho hayo, Muislamu aliye kitini hudaiwa na dini yake uadilifu kwa wote, na adui wa dini yake akiwa mmoja wao. Akiwa mwadilifu ametimiza, hata kama sisi tumetoka mikono mitupu.

Basi tusiache kuhesabu majina, lakini tuongeze hesabu nyingine. Ndani ya mkoa huu wa Singida, vijana wetu wangapi wanasoma sheria? Muswada ukitangazwa, ni misikiti mingapi ina mtu wa kuusoma wote na kuandika maoni kabla ya siku ya mwisho? Mbunge wetu, awe Muislamu au Mkristo, ni mara ngapi tumemwendea na karatasi yenye hoja mkononi badala ya kumsubiri aje na mchele wa futari? Katika karibu miaka 30 ya Adam Sapi, aliyesimama na kuomba nafasi ndiye aliyeitwa kusema. Spika hana namna ya kumwita aliyekaa kimya.

Mwenyezi Mungu amrehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa, amsamehe pale alipopungukiwa, na atupe sisi tulio hai ujasiri wa kusimama. Amin.