Mary Garrett alijua kutoa pesa kwa masharti

Mimi ndiye mweka hazina wa kamati yetu ya mtaa ya kuchangia karo. Wiki jana nilifungua daftari nikaona kwamba kwa miaka sita tumelipia vijana wanane chuoni, wote wavulana. Niliandika majina yale kwa mkono wangu na sikuuliza kitu. Hapo nikamkumbuka Mary Elizabeth Garrett.

Alizaliwa mwaka 1854 huko Baltimore, Marekani, binti wa bwana mkubwa wa reli. Alitamani kwenda chuo kikuu, baba akamkatalia, ila akamfanya karani wake. Mary akajifunza biashara akiwa pembeni ya meza ya mzee. Baba alipofariki mwaka 1884, akarithi mali nyingi.

Wakati huo mji ulikuwa na shida. Tajiri Johns Hopkins alifariki mwaka 1873 akaacha dola milioni 7 za kujenga chuo kikuu na hospitali. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1889, lakini shule ya udaktari ilikwama. Fedha za chuo zilikuwa kwenye hisa za reli ileile ya kina Garrett, na hisa zikaacha kuleta faida.

Mary na marafiki zake wakazunguka miji ya Marekani wakichangisha. Mwaka 1890 walifikisha dola 100,000, wakasema pesa ni zenu, mradi wanawake wapokewe sawa na wanaume. Wakuu wa chuo wakakubali, kisha wakadai shule haiwezi kufunguliwa bila dola 500,000. Mary akajazia pengo mwenyewe kwa dola 306,977.

Akaongeza sharti jingine: kila anayeingia awe na shahada ya kwanza, amesoma sayansi, na anaelewa Kifaransa na Kijerumani. Siku zile shule nyingi za udaktari Marekani zilimpokea yeyote mwenye karo. Hata maprofesa waliogopa kukosa wanafunzi. Shule ilifunguliwa Oktoba 1893 ikiwa na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake.

Masharti yale ndiyo yaliyovuta pesa zaidi. Mwaka 1910 Abraham Flexner alipokagua shule za udaktari, hiyo ndiyo aliyoifanya kipimo cha nyingine. Mwaka 1913 mfuko wa Rockefeller ukatoa dola milioni 1.5 ili maprofesa wafundishe na kufanya utafiti bila kukimbilia wagonjwa wa kulipa. Florence Sabin, aliyehitimu mwaka 1900, akawa profesa kamili wa kwanza mwanamke pale. Helen Taussig, wa mwaka 1927, alikuwa miongoni mwa waliobuni upasuaji wa kuokoa watoto wenye kasoro ya moyo.

Mary alifariki mwaka 1915. Lakini sharti lake lilifungulia tu wale aliowataja. Watu weusi wawili wa kwanza kuhitimu pale walisubiri hadi mwaka 1967, na mmoja wao alikuwa Mkenya.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: daftari bila sharti hurudia majina yaleyale. Jumamosi kamati yetu inakutana. Nitapendekeza nusu ya michango iende kwa wasichana. Na kabla ya kuandika, nitauliza ni nani mwingine tuliyemsahau.